Kuzaliwa kwa nyota

Kuzaliwa kwa nyota ni mchakato ambamo sehemu za wingu la molekuli husinyaa kutokana na graviti yake hadi kuwa nyota mpya. Jua letu lilitokea kwa njia hiyo takriban miaka bilioni 4.6 iliyopita, na mchakato huo unaendelea hata sasa katika galaksi yetu ya Njia Nyeupe. Baadhi ya mawingu ya molekuli yaliyo karibu nasi yako umbali wa miaka nuru mia chache tu, na mahali pake angani panaonekana kutoka Tanzania.

Wingu la molekuli

Wingu la molekuli ni mkusanyiko mkubwa wa gesi, hasa hidrojeni, pamoja na vumbi. Halijoto yake ni takriban sentigredi 260 chini ya sifuri. Baridi hiyo ni muhimu, kwa sababu gesi yenye joto husukuma kuelekea nje, lakini gesi baridi haina nguvu ya kutosha kupingana na graviti. Penye msongamano mkubwa gesi huanza kuporomoka kuelekea kitovu na kupata joto kadiri inavyobanwa. Katikati hutokea nyota changa. Gesi na vumbi vinavyobaki huizunguka kwa umbo la sahani bapa, na humo sayari zinaweza kutokea. Kiini kikifikia joto la nyuzi milioni 10 hivi, myeyungano wa nyuklia wa hidrojeni huanza. Nyota yenye masi kama ya Jua huchukua makumi ya mamilioni ya miaka hadi kutulia katika hali hiyo.

Hakuna mtu anayeweza kuishi muda wa kutosha kuona safari yote ya nyota moja. Wanaastronomia hulinganisha nyota nyingi zilizo katika hatua tofauti. Vivyo hivyo mgeni anayeingia shamba la migomba huko Kinole, katika milima ya Uluguru, huona siku moja chipukizi, mgomba mpevu na mgomba wenye mkungu, akaelewa jinsi mmea unavyokua.

Hali tatu katika anga moja

Katika majira ya jioni mwezi Januari na Februari hali tatu tofauti ziko angani kwa wakati mmoja:

- Wingu la Ng'ombe, katika kundinyota la Ng'ombe, liko umbali wa miaka nuru 450 hivi. Bado ni giza. Ndani yake kuna mamia ya nyota changa zenye umri wa miaka milioni chache.
- Nebula ya Jabari iko umbali wa miaka nuru 1,350 hivi. Hapa nyota kubwa zenye joto kali zimeshawaka. Zinaangaza gesi iliyozizunguka na pia kuitawanya.
- Kilimia ni fungunyota lenye umri wa miaka milioni 100 hivi. Wingu lililolizaa limeshatoweka. Vumbi linaloonekana katika picha zake ni la wingu lingine ambalo nyota hizo zinapita ndani yake. Jina Kilimia linahusiana na kulima, kwa kuwa wakulima walilitumia kutambua majira.

Kuona ndani ya wingu

Vumbi huzuia nuru ya kawaida, lakini mawimbi ya redio na ya infraredi hupenya. Mwaka 1970 Robert Wilson, Keith Jefferts na Arno Penzias waligundua mawimbi ya kaboni monoksidi kutoka Nebula ya Jabari. Tangu hapo gesi hiyo hutumiwa kuchora ramani za mawingu baridi. Mwaka 2014 darubini ya ALMA nchini Chile ilionyesha pete na nafasi tupu katika sahani ya nyota HL Tauri, iliyo katika Wingu la Ng'ombe. Nyota hiyo haijafikia umri wa miaka milioni moja, kwa hiyo inawezekana kwamba sayari huanza kujengwa mapema kuliko ilivyodhaniwa.

ALMA ilijengwa jangwani, kwenye kimo cha mita 5,000, kwa sababu mvuke wa maji hewani hufyonza mawimbi inayoyapokea. Uluguru, inayopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari Hindi, haifai kwa kazi hiyo.

Kutazama kutoka Uluguru

Kwa macho, hata hivyo, latitudo ya Kinole, takriban nyuzi 7 kusini, ina faida. Mwanzoni mwa Februari, mnamo saa 3 usiku, Nebula ya Jabari hupita karibu kabisa na utosi, ambako nuru yake hupita katika hewa kidogo zaidi. Mtazamaji atafute nyota tatu za Ukanda wa Jabari, halafu safu fupi ya nyota hafifu iliyo kusini kwake: ile ya katikati huonekana kama ukungu. Darubini ndogo ya macho mawili huonyesha wingu la kijivu. Rangi za picha hazionekani kwa macho.

Wakati wa kipupwe, mnamo Julai, eneo la Wingu la Rho Ofiuki, lililo umbali wa miaka nuru 390 hivi, hupanda juu jioni karibu na kundinyota la Nge. Eneo la mawingu ya Kinyonga, ambalo halionekani kamwe kutoka Ulaya, hufikia takriban nyuzi 20 juu ya upeo wa kusini. Usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, ndio unaofaa zaidi.