Bismini Alikuwa Nani?

Marehemu babu yangu hakuwahi kuiita sanamu ile Askari. Kila tulipofika katikati ya jiji la Dar es Salaam, pale Mtaa wa Samora, alikuwa akisema, "Haya mjukuu wangu, tumefika Bismini." Mimi nikadhani Bismini ni jina la yule mwanajeshi wa shaba mwenye bunduki, singe yake imeelekea bandarini. Nilipomuuliza, babu alicheka tu. Jina alilikuta kwa baba yake, basi, naye hakuuliza.

Nilipomaliza shule nikakaa bila kazi, nikawa nashinda maktaba kutafuta habari za riwaya ninayotaka kuiandika. Huko ndiko nilikokutana na Bismini. Kumbe si yule askari! Wala hakuwa Mwafrika. Ni Wissmann, jina lililotafunwa na ndimi za watu wa pwani mpaka likawa letu.

Hermann Wissmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1853, akaingia jeshini kijana. Mwaka 1880 alifunga safari na mwenzake Paul Pogge, wakaanzia Luanda, pwani ya magharibi ya Afrika. Pogge alirudi njiani. Wissmann akaendelea, na mwaka 1882 akatokea Saadani, kwenye Bahari ya Hindi. Kwao wakamwita shujaa. Waliombebea mizigo majina yao sikuyaona popote.

Lakini sifa yake kubwa ilitoka vitani. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani iliyokodishiwa pwani na Sultani wa Unguja ilianza kupandisha bendera yake mijini. Watu wa Pangani wakakataa. Abushiri bin Salim al-Harthi akaongoza vita, na kule Saadani akasimama Bwana Heri. Kampuni ikafukuzwa karibu kila mahali, ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam. Ndipo bunge la Berlin, mwanzoni mwa 1889, likatoa marki milioni 2, na Wissmann akapewa kazi ya kuirudisha pwani.

Sasa ndugu msomaji, hapa naomba tutulie kidogo. Mtu huyu alikwenda kupigana akiwa na maofisa wa Kijerumani wachache mno. Askari alikwenda kuwatafuta Cairo: Wasudani wapatao 600, waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri. Wengine aliwapata Msumbiji. Kwa hiyo tunaposema "Wajerumani waliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo tarehe 8 Mei 1889," tujue kwamba wengi wa walioivunja walikuwa weusi kama sisi. Abushiri alitoroka, akapigana tena, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo akanyongwa Pangani. Bwana Heri alisalimu amri mwaka uliofuata. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi. Kaiser kwa upande wake alimtunukia Wissmann ukabaila, na tangu 1890 akaitwa von Wissmann.

Koloni lilipokabidhiwa rasmi kwa serikali mwaka 1891, kiti cha gavana alipewa mtu mwingine. Wissmann alikuja kukikalia mwaka 1895. Mwanajeshi akawa mtawala, akaweka upanga chini na kushika kalamu. Ndivyo wanavyopenda kusema waandishi wa maisha ya wakubwa. Mimi siamini kama aliuweka chini. Novemba 1895, yeye akiwa gavana, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje kwa sababu ya kupinga utawala huo.

Mwezi huohuo ikatolewa kwa jina la Kaiser amri ya ardhi: ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Lakini nani wa kusema shamba lililopumzishwa halina mwenyewe? Mwaka 1896 Wissmann akatoa sheria ya uwindaji. Kuwinda kukahitaji kibali, na maeneo mawili yakatengwa kwa ajili ya wanyama, moja upande wa Kilimanjaro na jingine Rufiji. Wapo wanaomsifu kwa hilo, kwani porini Rufiji ndiko lilikokuja kuwa Pori la Selous. Sikatai. Ila nikitazama naona kwamba vita vilikwisha, na yale yaliyoandikwa mezani yakaendelea kuishi. Gavana mwenyewe hakumaliza hata miaka miwili. Alirudi kwao mgonjwa, na Juni 1905 akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe ya kuwindia. Mwezi mmoja baadaye Maji Maji ikalipuka.

Sanamu yake ilizinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909. Yeye yuko juu, anatazama mbali. Chini yupo askari mweusi anayeinua macho kumtazama, na simba aliyekufa. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 siku zake zikahesabika. Iliondolewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Huko nako haikudumu. Wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Haikurudishwa tena pale.

Pale Dar es Salaam mwaka 1927 Waingereza wakaweka sanamu ya askari peke yake, kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Yule wa chini akapanda juu. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuzoea, wakaendelea kupaita Bismini. Na hilo ndilo linaloniuma. Bwana mkubwa aliondoka na shaba yake yote, akaacha jina. Askari akabaki na shaba, jina hana, mpaka babu yangu akamwita kwa jina la aliyekuwa akimwinulia macho.

Riwaya yangu bado ni daftari moja tu lenye kurasa nyingi zilizofutwa. Nilikuwa nimeianza na afisa anashuka melini Bagamoyo. Kurasa hizo nimezichana. Sasa naanza na Msudani mmoja pale Cairo, ameitwa kwenye foleni, anaulizwa jina. Juzi nilipita tena Mtaa wa Samora, nikasimama chini ya singe, nikijaribu majina kimoyomoyo. Bado sijapata.