Kiti cha Mbele, Kiti cha Nyuma

Dereva wa ofisi hana masikio. Ndivyo nilivyofundishwa siku yangu ya kwanza kazini, na kwa miaka zaidi ya 20 niliitikia "ndiyo, mzee" huku nikisikia kila kitu. Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wawili kando ya barabara ya Kapsabet, na masikio yangu yamenirudia.

Niliendesha wakubwa wa tiba hapa Eldoret: wa hospitali, wa chuo kikuu, na wageni wao kutoka Marekani. Makundi matatu, gari moja. Ukitaka kujua nani ana usemi, usisome barua. Tazama mlango wa gari unapofunguliwa. Nani anapanda mbele bila kuuliza, nani anabanwa nyuma katikati, na nani anasema atatembea tu, ni karibu, kwa sababu hataki watu wamwone amebebwa na fulani.

Mji wenyewe wazee bado wanauita Sisibo, yaani 64, namba ya shamba ulipozaliwa mwaka 1910 ilipofunguliwa posta kwa ajili ya walowezi, wengi wao Makaburu. Hospitali ilifuata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ndogo, vitanda 60, ya kuwatibu Waafrika. Ikakua polepole hadi ikawa hospitali ya wilaya, na pengine ingebaki hivyo kama Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 huko Kesses, kisingepewa kazi ya kufundisha madaktari. Kenya nzima ilikuwa na shule moja tu ya udaktari, ile ya Nairobi ya mwaka 1967. Kesses iko mbali na mji, na wakati huo ilikuwa mashamba matupu. Huwezi kumfundisha daktari pasipo wagonjwa. Basi kitivo cha afya kikawekwa mjini, ukuta kwa ukuta na hospitali.

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa Profesa Haroun Mengech, daktari wa magonjwa ya akili. Mimi huona hilo halikuwa bahati mbaya. Kazi aliyopewa ilihitaji mtu anayejua kumsikiliza anayepiga kelele. Alikubali mtindo mpya wa kufundisha: wanafunzi wanakaa vikundi vidogo kuzunguka tatizo la mgonjwa mmoja, halafu wanapelekwa vijijini kuishi na kujifunza huko. Wazee wengine walicheka, eti daktari gani huyo anayesomea kwenye boma la ng'ombe.

Mwaka 1988 walikuja madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Indiana: Joe Mamlin, Robert Einterz, Charles Kelley na David Van Reken. Walikuwa wanatafuta shule changa ya kushikana nayo mkono, nayo shule hii ilikuwa haijapata hata mwanafunzi mmoja. Wa kwanza waliingia mwaka 1990. Mapatano yalikuwa mepesi kuyaeleza na magumu kuyatimiza. Daktari wa Indiana angekaa Eldoret mwaka mzima, si wiki mbili za kupiga picha. Wanafunzi wangesafiri pande zote mbili, wa kwao waje na wetu waende. Na kila mgeni angekuwa na mwenzake Mkenya wa kazi ileile. Sisi madereva tuliwaita mapacha. Ukimwona mmoja kwenye maegesho, unajua mwingine hayuko mbali, na ukiondoka na mmoja umeacha kesi nyuma.

Lakini shida kubwa haikuwa ya Wazungu, ilikuwa yetu wenyewe. Hospitali ilikuwa ya Wizara ya Afya. Chuo kilikuwa cha Elimu. Daktari yuleyule asubuhi anamtibu mgonjwa wa wizara moja, saa nne anamfundisha mwanafunzi wa wizara nyingine, juu ya kitanda kilekile. Likizo anaomba kwa nani? Akikosea anaitwa na nani? Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa wawili walikuwa ndani na wa tatu anabisha hodi.

Dawa yake ilikuja kwa karatasi, tena ya serikali. Juni 1998, kwa Tangazo la Kisheria namba 78, hospitali ikafanywa shirika la umma, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ikapata bodi na mkurugenzi wake, na chuo kikapewa nafasi kwenye bodi hiyo. Sijasikia gazeti la Marekani lililoandika habari ya tangazo hilo. Lakini mimi nasema bila hilo yaliyofuata yasingewezekana. Tena baadaye Mengech yuleyule akakalia kiti cha mkurugenzi wa hospitali. Mtu aliyekula pande zote mbili za meza hadanganyiki kirahisi kuhusu nani alikunywa chai.

Yaliyofuata ni ukimwi. Mwaka 2000 Mamlin alikuwa amerudi Eldoret, wodi zimejaa vijana wanaokufa, na dawa za kupunguza makali zikiwa za matajiri tu. Kati ya wagonjwa alikuwamo mwanafunzi wa udaktari wa shule hiyohiyo, mifupa mitupu. Mamlin akaomba dawa kwa marafiki wa Indiana, kijana akanywa, akainuka. Ukishamwona mmoja ameinuka, utamwambia nini wa kitanda cha pili?

Novemba 2001 zikafunguliwa kliniki mbili, moja hospitalini na nyingine Mosoriot, kituo cha afya huko Nandi kwenye barabara hii hii ninayoishi. Mradi ukaitwa AMPATH. Kanuni yake ilikuwa huduma kwanza, utafiti baadaye. Na utafiti nao ukawekewa ngazi: kamati moja ya maadili ya hospitali na chuo kwa pamoja, na kila kundi la watafiti liwe na viongozi wawili, wa hapa na wa kule. Vyuo vingine vikajiunga, Brown, Duke, Toronto, Purdue, na Indiana ikawa msemaji wao. Fedha nyingi za serikali ya Marekani zilianza kuingia mwaka 2004. Hapo ndipo nilipoona viti vya gari vikigombaniwa kwelikweli, na sitasema zaidi. Waliokunywa dawa wakasema njaa inawamaliza. Wakalimiwa mashamba, wakapewa mboga, mayai na maziwa. Katika muda usiofika miaka kumi, walioandikishwa wakapita 100,000.

Mosoriot kulikuwa na jambo lingine. Tangu mapema 2001 kompyuta ilikuwa inaandika kila mgonjwa aliyeingia, kituo cha kijijini, kabla ya hospitali nyingi kubwa. Niliidharau. Nilidhani ni kitu cha kuwaonyesha wageni.

Kisha ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi, Eldoret iliwaka. Barabara zimefungwa kwa magogo, watu wamejazana kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, na miongoni mwao wagonjwa waliokimbia bila dawa. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wa makabila yote, wengine wamejificha. Redio zikatangaza namba ya simu ya kupiga, kliniki zikapeleka dawa kambini. Na ile kompyuta ikatoa orodha: nani alitakiwa kuja kliniki, nani hajaonekana.

Nilipewa karatasi hizo nizipeleke. Hakuna mkubwa aliyepanda siku hiyo. Mbele alikaa sista mmoja wa makamo, karatasi zimelala mapajani, akisoma majina kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine. Kila tulipokaribia vijana wa vizuizi alizigeuza juu chini, akazifunika kwa leso yake.