Warsha ya wadau kwa njia ya mtandao: inavyoendeshwa, na namna ya kusikika

Viongozi wengi wa vyama vya ushirika na vikundi vya wafugaji siku hizi hupokea mwaliko wa warsha kwenye simu: bonyeza hapa, jiunge saa nne asubuhi. Ndani ya mkutano huo wanaweza kuwamo watu 60 au 100: wafugaji, kiwanda, benki, wasafirishaji, maafisa wa halmashauri. Yanayokubaliwa humo ndiyo hugeuka kuwa bei, ratiba na masharti ya mkopo. Asiyesikika siku hiyo hukuta mambo yameshaamuliwa.

Katika makala haya tunaeleza jinsi warsha kubwa ya namna hii inavyoendeshwa vizuri, ili ukiiandaa ujue pa kuanzia, na ukialikwa ujue cha kudai.

Fikra bunifu ni nini?

Warsha nyingi za aina hii hufuata njia iitwayo fikra bunifu. Njia hiyo ilienezwa na watu kama David Kelley, mwanzilishi wa kampuni ya IDEO na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Kwa kawaida hutajwa hatua 5: kumwelewa mtu mwenye shida, kulitaja tatizo lenyewe, kutoa mawazo mengi, kutengeneza mfano mdogo, kisha kuujaribu.

Faida ya kujaribu kabla ya kuamua inaonekana katika historia ya M-Pesa. Majaribio yake yalianza Kenya mwaka 2005, yakishirikisha Vodafone, Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la kwanza lilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Lakini waandaaji walipotazama watu wanavyoitumia, waliona wanatumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikowekwa mbele.

Kazi huanza kabla ya mkutano

Tuchukue mfano wa ushirika wa maziwa. Kila asubuhi sehemu ya maziwa hukataliwa kituoni. Kiwanda kinasema wafugaji ni wachafu. Wafugaji wanasema gari huchelewa. Msafirishaji anasema barabara ni mbovu. Ukiwaweka wote kwenye mkutano mmoja bila maandalizi, saa nzima itaisha kwa kulaumiana.

Mwezeshaji mzuri huwapigia simu kwanza watu wachache wa kila upande, mmoja mmoja. Hawaulizi wanataka nini. Huuliza: "Mara ya mwisho maziwa yako kukataliwa, ilikuwaje?" Hapo huenda akasikia kwamba yanayokataliwa zaidi ni maziwa ya jioni, yaliyolala usiku kucha kwenye dumu la plastiki bila kupozwa. Basi swali la warsha linapatikana: tufanyeje ili maziwa ya jioni yafike kituoni yakiwa mazima?

Swali hilo moja hutumwa kwa wote siku chache kabla, kwa ujumbe mfupi na kwa sauti. Pamoja nalo hutajwa nani mwenye uamuzi wa mwisho, na mambo gani hayatajadiliwa. Kama bei haimo, watu waambiwe mapema.

Andika kwanza, sema baadaye

Wengi huamini kwamba kundi likikaa pamoja na kila mtu akasema linalomjia, mawazo yatakuwa mengi. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kinyume: watu waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, walipata mengi kuliko kundi lenye idadi ileile. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walieleza sababu kubwa: mmoja anaposema, wengine wanasubiri zamu, na wakati wa kusubiri mawazo yao hukwama.

Mtandaoni hali huwa ngumu zaidi, kwa sababu watu wawili hawawezi kusema kwa pamoja wakasikika. Kwa hiyo warsha nzuri huanza na dakika 5 za kimya. Kila mtu anaandika mawazo yake kwenye karatasi, au anarekodi ujumbe wa sauti.

Kisha watu hugawanywa katika vyumba vidogo vya watu 5 au 6. Programu kama Zoom zina uwezo huo. Kwanza wafugaji wakae na wafugaji, wasafirishaji na wasafirishaji. Mfugaji anayedaiwa na kiwanda si rahisi kumpinga meneja ana kwa ana. Baada ya kila kundi kupanga hoja zake, ndipo vyumba vichanganywe.

Kupiga kura kufuate. Kila mtu apewe kura 3 za kuchagua mawazo anayoyaona bora, na kura ziwe za siri. Mwenye uamuzi wa mwisho azungumze mwishoni, maana akianza yeye, wengi watamfuata.

Mtu mmoja hawezi kuyasimamia yote haya. Wanatakiwa angalau watatu: anayeongoza, anayeandika, na anayewashughulikia wanaokatika. Kikao kimoja kisizidi dakika 90. Kazi ikibaki, pangeni kikao cha pili. Kumbukeni pia kwamba Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na simu ya kundi ya WhatsApp inachukua watu 32 tu.

Wenye kitochi na mtandao dhaifu

Kuzima video kunapunguza sana matumizi ya bando. Aliyekatika aweze kutuma hoja yake kwa ujumbe wa sauti au ujumbe mfupi, na mwandishi aisome mbele ya wote.

Wenye simu za kitochi wanaweza kukusanyika kwa jirani mwenye simu janja. Hapa pana jambo ambalo husahaulika: wafugaji 12 waliokaa kuizunguka simu moja huonekana kwenye mkutano kama mtu mmoja. Wakihesabiwa hivyo, wana kura moja dhidi ya maafisa 12 waliojiunga kila mmoja na simu yake. Hesabu watu, usihesabu simu. Kila kundi litume idadi na majina ya waliopo kabla ya kura.

Makubaliano yawe jaribio

Kukubaliana hakumaanishi kila mmoja amefurahi. Kunatosha kila upande ukisema: hili tunaweza kuishi nalo kwa muda, tuone. Katika mfano wetu, jaribio linaweza kuwa safari ya jioni katika njia moja tu, kwa wiki 2. Ijulikane nani analipa mafuta, nani anahesabu lita zinazokataliwa, na siku gani mtakutana tena kutazama hesabu. Muhtasari uwafikie wote siku hiyohiyo.

Ukialikwa, uliza haya

• Swali la warsha ni lipi, na nani amelitunga?
• Nani ana uamuzi wa mwisho?
• Je, bando langu linalipwa?
• Tukikaa wengi kwenye simu moja, tutahesabiwaje?
• Kura ni ya siri?
• Tutapata lini muhtasari, na kwa lugha gani?

Usipopata majibu, yaombe kwa maandishi kabla ya siku ya mkutano. Ukishajiunga na muda umeanza kuhesabiwa, nafasi ya kubadilisha utaratibu huwa ndogo sana.