Mashine ya diski: mkono na kichwa vipatane

Wengi wenye kununua mashine ya diski ya bei kali wanaangalia kwanza kichwa, kile chenye kubeba sindano. Lakini kichwa kizuri kwenye mkono usiofaa hakitoi sauti nzuri.

Ndani ya kichwa kuko mpira mdogo unaoacha sindano icheze. Mpira mgumu unataka mkono mzito; mpira laini unataka mkono mwepesi. Vikipatana, mtikisiko wao wa asili unaanguka kati ya hezi 8 na 12. Ukishuka chini ya pale, hatua za miguu na diski iliyojipinda zinarusha sindano. Ukipanda juu, besi inachafuka.

Mfano ni Denon DL-103, iliyotengenezwa Japani miaka ya 1960 pamoja na NHK, redio ya umma ya kule. Mpira wake ni mgumu, njo maana inataka mkono mzito, na sindano ikandamize diski kwa gramu karibu 2.5.

Wengine wanapunguza gramu ili kuchunga diski. Ni kinyume: sindano inaruka-ruka na kukwaruza mifereji. Na diski ya zamani ya Franco na OK Jazz ikisha kukwaruzwa, haiponi tena.