Vichujio vya picha: hesabu iliyofichwa kwenye CD

Wengi wenu mkitaka kuremba picha mnabofya kichujio kwenye menyu, basi. Lakini nani alikitunga? Zamani, aliyetaka kuongeza chake kwenye Photoshop ilibidi ajue lugha kama C. Mpiga picha wa kawaida angeanzia wapi?

Mwaka 1994 likatoka toleo la 3.0. Ndani ya CD yake, Adobe waliweka kitu kiitwacho Filter Factory. Ni visanduku tu vya kuandikia hesabu, kimoja kwa kila rangi: nyekundu, kijani na samawati, pamoja na cha uwazi. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila pikseli.

Andika 255-r kwenye kisanduku cha nyekundu, 255-g kwenye kijani, 255-b kwenye samawati. Umepata negativu! Sasa chukua thamani ya jirani wa juu kushoto, toa ya jirani wa chini kulia, ongeza 128. Picha inageuka kijivukijivu, kingo zimeinuka kama sura kwenye sarafu. Mimi nina digrii ya kompyuta, na bado naona hakuna mhadhara wa michoro unaoshinda mistari hiyo mitatu.

Tena uliweza kuweka vitelezi hadi vinane, ukahifadhi kazi yako kama plagini kamili na kumgawia mwenzako.

Kasoro? Ilikubali picha za RGB pekee, na Photoshop ya biti 64 haiwezi kuifungua. FilterMeister ndiyo iliyorithi lugha yake ya hesabu.