Sehemu ya 6: Saa mbili na nusu za usingizi

Mama mwenye kichanga, njoo hapa karibu. Juzi mmoja wenu aliniuliza inbox, "Nesi, kukosa usingizi siku mbili kuna shida gani hasa?" Leo sijibu kwa habari za wodini. Twende Australia, mwaka 2010.

Tarehe 3 Aprili mwaka huo, meli ya Kichina iitwayo Shen Neng 1 iliondoka bandari ya Gladstone na tani kama 68,000 za makaa ya mawe. Meli ya mita 225, yaani unganisha viwanja viwili vya mpira na bado inazidi. Ofisa mkuu, anayemfuata nahodha kwa cheo, ndiye aliyesimamia upakiaji, na kazi ile haijui usiku. Wachunguzi walikuja kuhesabu: katika saa 38 na nusu kabla ya ajali, alikuwa amelala saa mbili na nusu tu. Si unaijua hesabu hiyo?

Saa 10 jioni akaingia zamu ya kuongoza meli. Njia ilikuwa imebadilishwa kidogo ili kufupisha safari, lakini mashine ya GPS haikuingiziwa njia mpya. Kwa hiyo pale pa kukata kona, kengele haikulia. Ofisa alitakiwa aweke alama kwenye ramani saa 10:30 kuonyesha meli ilipo. Hakuweka. Na usidhani alikuwa anakoroma! Alikuwa macho. Akili ndiyo iliyokuwa imechoka, muda ukampita. Saa 11:05, jua bado lipo, meli ikapanda mwamba wa Douglas Shoal, ndani ya Great Barrier Reef.

Wengi wangemlaumu yeye peke yake. Wachunguzi walisema pia kwamba meli haikuwa na utaratibu wa kuhakikisha mtu aliyekesha kwenye upakiaji anapumzika kabla ya kushika zamu. Mimi hapo ndipo niliposimama kusoma.

Mafuta yaliyovuja hayakuwa mengi, kama tani 4, na tarehe 12 Aprili meli iliondolewa. Lakini zile siku zote ilikuwa inasukumwa na maji, inasaga matumbawe. Iliacha kovu la kama hekta 40, na rangi ya chini ya meli, yenye sumu ya kuzuia viumbe wasijishikize, ikabaki imepakwa kwenye mwamba. Mwaka 2016 wenye meli walikubali kulipa dola za Australia milioni 39.3.

Na hiyo ni meli iliyotoka. Rena, ya makontena, ilipanda mwamba wa Astrolabe huko New Zealand Oktoba 2011 ikiwahi bandari ya Tauranga. Januari 2012 ikakatika vipande viwili. Walitoa walichoweza, mabaki mengine yako chini ya maji mpaka leo.

Sasa kwako. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka zamu ya usiku, nikampa mwanangu dawa ya homa, na nusu saa baadaye nikaishika chupa tena. Baba yake ndiye aliyenishika mkono. Tangu siku hiyo kuna karatasi mlangoni mwa friji: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, nani katoa. Baba wa mtoto, kama unasoma hapa, leo usiku zamu ya kwanza ni yako. Mwache mama alale.