Dhuru

Dhuru ni kitenzi chenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kusababisha maumivu, ugonjwa au hasara. Katika sheria za Tanzania ndicho kinachosimama badala ya kitenzi cha Kiingereza "harm", ambacho mzizi wake katika Kiingereza cha kale ulibeba pia maana ya huzuni. Kutokana na dhuru kumepatikana dhurika, dhuriana na nomino madhara. Hata haidhuru, linalotamkwa mtu anapoachilia jambo dogo, ni kitenzi hichohicho katika ukanushi.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayaeleza madhara kuwa ni maumivu yoyote ya mwili, maradhi au hitilafu ya afya, yawe ya kudumu au ya muda. Makosa hupangwa kufuata kile kilichoupata mwili. Tuseme wachuuzi wawili wamegombana katika soko la Soweto jijini Mbeya. Kofi lisiloumiza mwili ni shambulio la kawaida. Taya likivimba, kosa huwa shambulio la kudhuru mwili, na kifungo chake huweza kufika miaka 5. Kisu kikipasua ngozi bila haki, ni kujeruhi. Jicho likipofuka au kidole kikikatika, hayo ni madhara makubwa, na kifungo hupanda hadi miaka 7. Ikithibitika kwamba ulemavu huo ulikusudiwa, huweza kuwa cha maisha. Kwa sababu hiyo aliyepigwa huelekezwa polisi kuchukua PF3, fomu ambamo daktari huandika jeraha alilolikuta na ukubwa wake.

Katika matumizi ya kila siku, dhuru huchanganywa mara nyingi na athiri. Athari ni matokeo, mema au mabaya: mvua huathiri mavuno ya viazi kwa kuyaongeza au kuyapunguza, lakini ugonjwa wa bakajani huvidhuru viazi. Jeruhi huhitaji mwili wenye uhai. Gari lililogongwa limeharibika, halikujeruhiwa. Umiza hugusa hata moyo, jambo ambalo tafsiri ya madhara katika Kanuni ya Adhabu haikulitaja.

Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Waandishi, wakalimani na waendesha mashtaka wana wajibu wa kuyatenga maneno haya kwa makini, ili anayesomewa shtaka aelewe hasa anachotuhumiwa kukitenda.